Toleo la Kati

Ofisi ya Vipimo ilikuwa na kazi moja tu: kuhakikisha kilo ya muuza sukari ni kilo kweli, na lita ya muuza mafuta ni lita. Gramu tano zikipelea, duka linafungwa. Ukutani, pale mapokezi, palikuwa na bango la herufi kubwa, USAHIHI NI HESHIMA, na chini ya bango saa iliyokuwa nyuma kwa dakika kumi na moja tangu ofisi ihamie jengo lile. Hakuna aliyeigusa. Saa ilikuwa mali ya Idara ya Majengo, betri zilikuwa mali ya Idara ya Ugavi, na wakuu wa idara hizo mbili walikuwa hawasalimiani.

Humo ndimo alimofanya kazi Fundi. Barua yake ya ajira ilimwita Afisa Mifumo Daraja la Tatu, lakini tangu siku alipochomoa karatasi iliyokwama kwenye printa ya Mkurugenzi, jina likawa hilo moja. Fundi, kompyuta imeganda. Fundi, birika halichemshi. Fundi, hebu njoo usikie kiti hiki kinavyolia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mpole wa sura, mwenye ulimi ambao aliufunga saa za kazi na kuufungulia akifika nyumbani kwa mama yake.

Huyo mama yake alikuwa na kaka mmoja, na kaka huyo ndiye aliyekuwa mlinzi wa geti la ofisi hiyohiyo. Kila asubuhi Fundi alipita akasema, "Shikamoo, mjomba," naye akajibu, "Marahaba, mama, hujambo," kisha akaandika jina la mpwa wake kwenye daftari la wanaoingia kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kumtia machoni. Alikuwa mtu wa utaratibu. Alikuwa amelilinda geti lile miaka ishirini na sita, na alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu.

Balaa lilianza na kamera. Ofisi ilifunga kamera mpya getini, ya kisasa, inayoona mpaka kifungo cha shati. Maiki ya zamani ikaachwa palepale, kwa kuwa fomu ilisema "kamera" na haikusema "na maiki". Kwa hiyo picha ikawa inarekodiwa kwa mtindo mpya, sauti kwa mtindo wa kale, na vyote viwili vikabanwa ndani ya faili moja. Programu ya kuonyeshea video iliyokuwa kwenye kompyuta za ofisi, toleo la zamani, ilitoa sauti vizuri lakini picha ikawa kijani kitupu, usijue unatazama geti au bwawa. Toleo jipya lilitoa picha safi kabisa, lakini sauti lilikataa kuitambua, watu wakawa wanafumbua na kufumba midomo kama samaki.

Mahali pengine watu wangekaa robo saa wakatafuta dawa. Ofisi ya Vipimo iliunda kamati.

Kamati ilikaa mara sita. Mkaguzi wa Ndani, bwana mwembamba aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya paji la uso, hakutaka kusikia habari ya kuondoa toleo la zamani. Lilikuwa na namba kwenye rejesta ya mali, na kitu chenye namba hakifutwi hivihivi. Mkurugenzi naye alikuwa ametoka semina akarudi na maneno mapya mdomoni. "Taasisi inayotazama nyuma haiwezi kusonga mbele," alisema, na kila aliposema alinyoosha mkono kuelekea dirishani. Toleo ni kitu gani, hakujua. Wafanyakazi nao wakagawanyika, Wazamani huku na Wapya kule, wakaanza kunywa chai meza tofauti, na uchumba mmoja wa karani wa masjala na dereva wa lori la mizani ukaingia doa.

Fundi akaandika dokezo la ukurasa mmoja. Alieleza kuwa baina ya toleo la zamani na toleo jipya liliwahi kutoka jingine, toleo la kati, lililodumu miezi michache kabla ya kufunikwa na hili jipya. Hilo lilikuwa linasoma mitindo yote miwili. Lilikuwa la bure. Kuliweka ni kazi ya dakika tatu.

Dokezo likatua mezani kwa Afisa Manunuzi, ambaye jengo zima lilimwita Nukuu Tatu.

"Fundi, hapa umesema ni la bure?"

"Ndiyo, bosi. Bure kabisa."

"Basi hapo ndipo ulipoharibu. Utaratibu unataka nukuu za bei tatu, tuchague ya chini. Sasa bure ni ya chini kuliko ipi?"

"Si tuandike sifuri mara tatu tu?"

"Sifuri tatu zinazolingana," alisema Nukuu Tatu kwa uchungu wa kweli, "hiyo ni njama ya wazabuni." Akamrudishia karatasi yake.

Mwishowe kamati ikazaa suluhisho lake yenyewe, na lilipigiwa makofi. Kompyuta mbili ziliwekwa mezani bega kwa bega. Moja yenye toleo jipya, ya picha. Nyingine yenye toleo la zamani, ya sauti, na skrini yake ikafunikwa kitambaa cha meza ili ule ukijani usichefue viongozi. Mtu mmoja abonyeze huku, mwingine abonyeze kule, kwa wakati mmoja. Wakauita Mfumo Shirikishi. Kompyuta ya picha akapewa Fundi. Ya sauti akapewa Katibu Muhtasi, mama wa makamo aliyejulikana kwa jina la Mama Kikombe, maana mkono wake wa kulia haukuwahi kuonekana bila kikombe cha chai.

Kila mwisho wa mwezi uongozi uliketi ukumbini kutazama vipande vya getini na kupima namna wageni wanavyopokelewa. Mwezi ule Fundi alihesabu kama kawaida, "Moja, mbili, tatu!" akabonyeza. Mama Kikombe alikuwa katikati ya funda. Akameza, akakirudisha kikombe kwenye kisahani, akafuta midomo, ndipo naye akabonyeza. Zilipita sekunde sita, pengine saba. Watu wanaofunga duka kwa gramu tano hawakuziona.

Kwenye skrini likafika gari la Mkurugenzi. Kioo kikashuka, Mkurugenzi akatoa kichwa, midomo ikacheza, lakini kilichosikika ni injini tu. Kisha mjomba akasogea kwenye kioo, akafumbua mdomo, na ukumbi mzima ukasikia:

"Mpumbavu wewe! Kichwa kigumu kama jiwe! Hujui unaongea na nani?"

Baada ya hapo Mkurugenzi alionekana na simu sikioni, midomo inacheza tena, na sauti ikasema kwa unyonge:

"Samahani, mkubwa. Haitajirudia tena, mkubwa."

Ile maiki kongwe ilimfanya kila mtu asikike kama anaongea ndani ya ndoo, kwa hiyo huwezi kusema hii ni sauti ya fulani. Fundi alielewa palepale. "Jamani, sauti imechelewa," alisema, "tuanze upya." Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu Mkurugenzi alikuwa amekwisha kusimama.

Na hapa pana jambo ambalo Fundi alimsimulia mama yake mara tatu, na mara zote tatu alilazimika kula kiapo. Mkurugenzi aliamini. Mtu aliyetukana kwa mdomo wake mwenyewe alitazama video akasadiki kuwa katukanwa yeye. Ukifikiri vizuri si ajabu sana. Bwana yule alikuwa akitukana watu kumi kabla ya chai ya saa nne, atakumbuka vipi yule wa Jumanne alikuwa nani?

"Mimi?" alisema, kiganja kifuani. "Mlinzi aniite mimi mpumbavu? Halafu mimi..." Akautazama ukumbi mzima. "Halafu mimi nikamwomba msamaha?"

"Na ukamwita mkubwa," alimsaidia Mkaguzi, kichwa chini, anaandika.

Mjomba akasimamishwa kazi siku hiyohiyo kwa barua yenye mihuri miwili. Kamati ya nidhamu ingemsikiliza baada ya wiki mbili, na ikimwona na hatia, unga umemwagika: hakuna kazi, hakuna kuagwa, hakuna hata ile saa ya mezani wanayopewa wastaafu. Alisaini kupokea barua, akakabidhi funguo na daftari, akaenda zake.

Fundi hakukubali. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, ofisi ilipokuwa tupu, alifunga mlango akaliweka toleo la kati kwenye kompyuta yake mwenyewe. Dakika tatu, kama alivyoandika. Akafungua faili. Picha ikaja, sauti ikaja, zimeshikana kama zilivyozaliwa. Mkurugenzi ndiye aliyetoa kichwa na kumwaga matusi yote, eti geti limechelewa kufunguliwa. Mjomba alikuwa amesimama viganja amevikutanisha kifuani, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mwenye fimbo. "Samahani, mkubwa. Haitajirudia tena, mkubwa." Mkurugenzi akaweka simu sikioni, kioo kikapanda, gari likaingia, naye mjomba akabaki vilevile, ameinama, mpaka vumbi likatulia. Fundi alilia kwa hasira, akafuta macho kwa ncha ya ushungi. Halafu akafurahi. Dawa alikuwa ameipata, na mjomba angerudi kazini.

Jumapili ya wiki iliyofuata, mchana, akaibeba kompyuta hadi nyumbani kwa mjomba. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kufariji, kama mtu anayekwenda msibani. Alipokaribia akasikia vicheko.

Uani palikuwa na viti vyote vya nyumba ile, na vingine vya jirani. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kile chenye mto. Kulia kwake alikuwa fundi viatu wa mtaani, kushoto mwenye duka la kona, na mbele, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa mkwe wa mjomba, dereva wa lori la mchanga, kijana aliyekuwa na tabia ya kumsalimia mzee wake kutoka dirishani bila kuzima injini. Leo lori limezimwa, na mkwe amevua viatu.

"Baba, hebu rudia pale," alisema. "Pale pa hujui unaongea na nani."

Mjomba akakohoa kidogo. "Basi mimi nikamtazama. Sikupandisha sauti. Nikamwambia taratibu kabisa, hujui unaongea na nani?"

"Naye?"

"Naye akawa mpole. Samahani, mkubwa."

Mwenye duka akajipiga paja. Habari, bila shaka, ilikuwa imesafiri kwa njia ya Mama Kikombe, ambaye alikuwa anaweza kunywa na kusema kwa wakati mmoja ingawa kubonyeza ndiko kulikomshinda. Fundi alimtazama mjomba wake kama mtu mgeni. Mzee alikuwa amekaa wima. Fundi hakujua mjomba ni mrefu kiasi kile.

"Mjomba, nina neno na wewe. Ndani."

Chumbani mjomba alikaa ukingoni mwa kitanda, kompyuta magotini, akaitazama video mwanzo hadi mwisho. Akaomba aione tena. Fundi alingoja shukrani.

"Hii ndiyo ya kweli," alisema Fundi. "Alhamisi nawaonyesha hii, wote wananyamaza, unarudi getini."

"Ya kweli naijua mimi," alisema mjomba. "Nilikuwepo."

"Sasa si ndiyo vizuri?"

"Nani mwingine ameiona?"

"Mimi tu."

Mjomba aliifunga kompyuta kwa mikono yote miwili, polepole, kama mtu anayefunika chungu. "Miaka ishirini na sita nasema samahani, mkubwa. Amekuja huyu, ameondoka yule, mimi ni samahani, mkubwa. Hata nyumbani mdomo unateleza, namwambia shangazi yako samahani, mkubwa, nikimwaga chai. Sasa mashine zimekosana zenyewe kwa zenyewe, zimenifanya mtu mara moja tu. Wewe mama unataka kwenda kuzipatanisha."

"Mjomba, utafukuzwa kazi!"

"Najua."

"Miezi mitano tu!"

"Hesabu naijua, mama. Nenda kanywe chai."

Fundi alitoka akiwa amevimba kwa hasira. Mke wa mjomba alikuwa jikoni akiosha vikombe, na Fundi akammwagia yote, pamoja na yale ambayo alikuwa ameombwa, bila kutamkiwa, asiyaseme. Shangazi hakushtuka hata kidogo.

"Mwanangu, mimi nimeishi na yule mtu miaka thelathini na minane. Kuku wa jirani akiingia sebuleni anamwomba atoke. Unadhani niliamini?"

"Sasa mbona unamwacha adanganye watu?"

"Wiki hii amekula sahani nzima, siku zote saba. Amenisimulia habari, mimi nikiwa nimekaa, yeye anatembeatembea." Alikausha kikombe kilichokuwa kimekwisha kukauka. "Kazi imebakia miezi mitano. Mimi mtu huyu nabaki naye. Lakini kompyuta ni yako, na akili ni yako. Fanya unaloona."

Hilo ndilo lililomuudhi Fundi kuliko yote. Angekatazwa, angejua la kufanya.

Alhamisi kamati ya nidhamu ikaketi. Mwenyekiti alikuwa Mama Naibu, naibu mkurugenzi kwa mwaka wa tisa sasa, mwanamke mtulivu aliyekuwa akimtazama Mkurugenzi kama abiria anavyolitazama basi lililochelewa. Walikuwepo Mkaguzi, Nukuu Tatu, na Mkurugenzi mwenyewe kama mlalamikaji. Kompyuta mbili ziko mezani, Fundi nyuma ya moja, Mama Kikombe nyuma ya nyingine. Chini ya meza, kwenye mkoba wa Fundi, kulikuwa na ya tatu. Mjomba aliketi pembeni, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa.

"Kabla ya yote," alisema Mama Naibu, "tukubaliane ni toleo gani ndilo ushahidi."

Lilichukua dakika arobaini. Mkaguzi alisema la zamani, kwa sababu ndilo lenye namba. Nukuu Tatu alisema jipya, kwa sababu ndilo lenye hati ya kupokelea. Ikapendekezwa picha iwe ushahidi na sauti iwe kiambatisho. Ikapendekezwa waahirishe hadi litoke jipya zaidi, ambalo huenda likawa na busara kuliko yote mawili. Mama Naibu akachoka.

"Fundi, wewe ndiye mtaalamu. Hivi kweli hakuna toleo lolote linaloonyesha vyote viwili?"

Fundi aliugusa mkoba kwa mguu. Akamtazama mjomba. Mjomba hakumtazama yeye. Alisimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, msijisumbue na mitambo. Nilisema."

"Ulisema nini, mzee?"

"Yote. Mpumbavu, na kichwa, na jiwe."

Mkurugenzi akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. "Amekiri. Andikeni, tumalize."

Mkaguzi alishusha miwani ya juu, akapandisha ya chini, akaandika huku akisoma kwa sauti. "Mtuhumiwa amekiri kumwita Mkurugenzi mpumbavu mwenye kichwa kigumu kama jiwe. Haya. Sasa sehemu ya pili: Mkurugenzi alijibu nini?"

"Sehemu ya pili haihusiki," alisema Mkurugenzi.

"Inahusika, mkubwa. Ni faili moja. Mimi ni mkaguzi, siwezi kuandika nusu ya faili."

Mama Naibu aliegemea mbele. Basi lake lilikuwa linakunja kona. "Mzee, hebu tuambie. Mkurugenzi alikujibuje?"

Mjomba alimgeukia Mkurugenzi, akamtazama bila kupepesa. "Alijibu vizuri sana, mwenyekiti. Aliniomba radhi. Aliniita mkubwa. Akaahidi haitajirudia. Mimi sina kinyongo naye."

Mama Kikombe alipaliwa na chai.

"Kumbukumbu hizi zinakwenda wapi?" aliuliza Mkurugenzi, sauti imepungua.

"Bodi," alisema Mkaguzi. "Nakala wizarani. Nakala ubao wa matangazo, kwa uwazi."

Mkurugenzi anayemtukana mlinzi ni mkurugenzi tu kama wengine. Mkurugenzi anayemwita mlinzi mkubwa ni kichekesho mpaka aingie kaburini. Ndipo Mkurugenzi akakumbuka kitu, na uso ukamchanua kama mtu aliyeona taa.

"Fundi! Siku ile ulisema neno. Ulisema sauti imechelewa!"

Ukumbi ukamgeukia Fundi.

"Kama imechelewa," alisema Mkurugenzi, akihesabu kwa vidole, "basi lile tusi lilikuwa la kwanza. Na wa kwanza kusema nilikuwa mimi. Kwa hiyo ni mimi niliyetukana!" Akasimama kwa furaha. "Mimi ndiye niliyemwita mpumbavu! Na yeye ndiye aliyeniomba radhi! Waambie, Fundi. Waambie ukweli."

Wiki mbili nzima Fundi alikuwa akiililia nafasi hii, na sasa ilikuwa imeletwa na mtu asiyemtarajia, tena anaomba. Ukweli ulikuwa miguuni pake, ndani ya mkoba. Akinyoosha mkono tu, mjomba hana kosa. Akamwona mjomba amekaa. Viganja vyake vilikuwa vimeanza kukutana kifuani, taratibu, vyenyewe.

"Nilikosea, mkubwa," alisema Fundi. "Nimeichunguza tena. Sauti haikuchelewa."

"Haikuchelewa?"

"Hata kidogo. Picha na sauti ziko sawa kabisa."

"Na mimi nilibonyeza kwa wakati," alisema Mama Kikombe, akakiweka kikombe chini kwa kishindo. "Mkono huu una miaka kumi na tisa kazini. Asiseme mtu kuwa nilichelewa!"

Mkurugenzi alikaa. Alitazama meza, akatazama dari, akatazama bango la USAHIHI NI HESHIMA, ambalo ukumbini walikuwa nalo pia, dogo. Mama Naibu alingoja kwa heshima zote, mpaka Mkurugenzi akasema anaondoa malalamiko yake.

Azimio liliandikwa hivi: kwamba faili husika limeathiriwa na kutopatana kwa matoleo na halifai kutumika, kwamba liteketezwe pamoja na nakala zake zote, kwamba mlinzi arudi getini mara moja, na kwamba suala la toleo lipelekwe kwenye kamati ndogo. Fundi alifuta kwenye kompyuta ya picha, akafuta kwenye kompyuta ya sauti, mbele ya Mkaguzi, aliyeweka tiki kila moja. Kisha alikwenda kwenye chumba chake cha kazi, akaitoa ya tatu mkobani, akafuta na hiyo. Ilimuuma. Ilikuwa video pekee katika jengo lile iliyosema kilichotokea, na yeye ndiye aliyeitafuta.

Alipotoka, mjomba alikuwa akimngoja kwenye ukumbi wa ngazi, funguo na daftari la geti mkononi.

"Ile nyingine?"

"Nimeifuta, mjomba."

"Haiwezi kurudi?"

"Haiwezi."

Mjomba akaitikia kwa kichwa. Huko nje wafagiaji na madereva walikuwa wameshajipanga kumpokea, vicheko vyao vilikuwa vinasikika. Hakwenda. Alikuwa akiligeuzageuza daftari.

"Mama, nikuulize. Pale ulipoitazama, peke yako. Nilionekanaje?"

"Ulionekana mtu mpole, mjomba."

"Niambie kweli."

Fundi alitamani sana kudanganya, na siku ile alikuwa amekwisha kuzoea, lakini kwa huyu ulimi ulikataa. "Ulionekana unaogopa."

"Niliogopa," alisema mjomba. "Niliogopa sana, mwanangu. Nilidhani ananifukuza palepale." Alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Basi. Tunajua wanne, mimi na wewe, na shangazi yako na mama yako, maana hao wawili huwezi kuwaficha kitu. Tunatosha."

Nje gari la Mkurugenzi lilikuwa limeshafika getini linataka kutoka, na honi ikalia, ndefu, ya hasira. Kwa miaka ishirini na sita honi hiyo ilimkuta mjomba akikimbia. Mwili wake ukashtuka, mguu mmoja ukatangulia. Akasimama, akatazama watu waliokuwa wakimngoja, akavuta pumzi. Kisha akaenda kulifungua geti kwa mwendo wa kawaida, na honi ikaendelea kulia njia nzima.